Moshi Uliorudi Ndani

Bosire alikataa kushika spana. Aliifuta mafuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha Jonah, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono kifuani, mbele ya nusu ya soko la Sotik.

“Fungua mwenyewe, mzee,” alisema. “Mimi nitakuwa mdomo tu. Nikifungua mimi, halafu tukute ubovu humo ndani, utasema ni mimi niliyeutia.”

Jonah aliikaza spana mkononi. Angesema, na zaidi ya hayo, alikwisha kusema. Kwa miezi mitatu alikuwa amemwambia kila mwenye masikio, tangu muuza mbolea hadi wazee wenzake wa kanisa, kwamba Bosire ndiye aliyeiua injini ya pikapu yake. Alifikia hatua ya kuvuka barabara kila alipoliona lile ovaroli la buluu likija. Na leo Ijumaa, jua likiwa utosini, Jonah huyo huyo alikuwa ameingia gereji ya Bosire akifuatwa na wingu la moshi mweusi lililowafanya wauza mboga kufunika sukuma wiki zao kwa leso. Aibu ina uzito wake, jamani. Alimsalimu fundi huku akiyatazama magurudumu.

Haya, tumtendee haki: maneno yale hakuyatunga yeye. Alipewa na mdogo wake.

Kipkirui, mdogo wake huyo, alikuwa fundi wa vyeti. Alisomea magari mjini Kericho miaka miwili, na kila karo ya miaka hiyo ilitoka kwenye majani chai yaliyochumwa na Jonah na mkewe Rodah kwa vidole vyao, mvua ikinyesha, mvua ikikatika. Baba yao alipofariki, Kipkirui, kitinda mimba, alikuwa bado wa kuchunga ndama. Jonah ndiye aliyemwogesha, akamfundisha kukamua, akamwonyesha namna ya kumfunga ndama kwa fundo la kwao, lile la kuzungusha mara tatu na kuingiza ncha chini, ambalo ndama akivuta hukaza na mtu akiligusa kwa kidole kimoja hufunguka. Watu walipomuuliza Jonah ana watoto wangapi alijibu watano, ilhali Rodah alizaa wanne. Huyo wa tano alikuwa na ndevu, na Jonah alimsifu kila alipopata pa kumsifia. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini ni nani humkumbuka mgema anapomsifu mtoto aliyemlea kwa mikono yake?

Pikapu yenyewe, nyeupe, ya dizeli, ilinunuliwa mwaka wa tisini na tano, magari ya mitumba kutoka Japani yalipokuwa yameanza kuzoeleka hata vijijini. Kazi yake ilikuwa moja. Kila alfajiri iliteremka bondeni kwenye mto Kipsonoi, ikakusanya maziwa ya wakulima na kuyapandisha hadi kiwanda cha ushirika Sotik kabla hayajachacha. Ushirika ulikuwa na sheria isiyojua huruma: maziwa yakichelewa na kuharibika mara tatu, njia hupewa mwenye gari jingine. Jonah hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Akina mama wa bondeni walikuwa wakisema saa zao wanazipangia mlio wa injini yake.

Basi mwanzoni mwa mwaka uliofuata gari likaanza kukohoa. Likisimama linatetemeka, na likikanyagiwa mafuta mlimani linatoa moshi mweusi ti na kuishiwa nguvu, hata watoto wa shule wakalipita kwa miguu wakicheka. Kipkirui alilifungua, akalifunga, akatikisa kichwa. Alisema ni Bosire, aliyebadilisha mafuta ya injini majuma machache nyuma, ndiye aliyeiharibu pampu ya dizeli kwa kutojua. Alisema pia kwamba mtu mwingine yeyote asiliguse gari hilo, maana yeye ataagiza kifaa kutoka Nairobi. Kifaa hicho kilikuwa njiani mwezi wa kwanza, kikawa njiani mwezi wa pili, na wa tatu kikawa bado kiko njiani.

Maziwa yalichacha mara ya kwanza, yakachacha mara ya pili. Mara ya tatu Jonah alisimama langoni mwa kiwanda akiwatazama akina mama wakiyamwaga maziwa yao mtaroni, Kipkirui akiwa kando yake, akimsaidia kuinua makopo, akimshika bega na kumwambia pole. Njia ikachukuliwa. Ilipewa Kipsang, mfanyabiashara wa barabara ya Longisa, ambaye kwa bahati njema kabisa alikuwa amenunua pikapu juma lile lile. Na Cheptoo, binti wa Kipsang, ndiye ambaye Kipkirui alitaka kumwoa.

Wewe unayesikia habari hii leo umekwisha kung'amua. Jonah hakung'amua. Akipenda, chongo huita kengeza, na Jonah alikuwa ameliita chongo hilo kengeza miaka ishirini. Alichokiona yeye ni kwamba Mungu amefunga mlango mmoja na kufungua mwingine: njia imekwenda, lakini imekwenda kwa watu watakaokuwa wakwe. Alimeza mate machungu, akamshukuru mdogo wake kwa huruma yake.

Posa ilikuwa Jumamosi. Kwa kuwa baba yao hakuwepo, Jonah ndiye ambaye angesema kwa niaba ya nyumba yao, akapatana idadi ya ng'ombe, na mwisho, mchungaji akishaomba, akawapaka siagi utosini bwana na bibi arusi watarajiwa. Katika ukoo wao, mwenye kinyongo hashiki siagi ya posa. Mzee anayesimamia shughuli humuuliza mshika siagi mara tatu kama tumbo lake ni safi, na akidanganya, wanasema, huipaka laana nyumba ambayo haijajengwa. Akiwa na kinyongo husema tu kwamba anacho, wala hamtaji mtu, maana siku ya posa si siku ya kesi. Yule anayejijua ndiye husimama mwenyewe akasema alichokitenda. Wakristo walikuwa, naam, tena wa kubatizwa na watoto wao wakabatizwa, lakini sijasikia Mkristo wa upande ule aliyetaka kujaribu aone.

Jumatano ujumbe ulikuja kwamba Kipsang angetuma pikapu yake iwachukue wazee wa upande wa mwanamume. Kipkirui aliona ni jambo jema sana. Jonah hakulala kwa raha. Kwenda kuomba mke mkiwa mmebebwa na gari la baba yake, mkashushwa uani kwake kama magunia ya mahindi! Wazee wangelikumbuka jambo hilo hata wajukuu wa Kipkirui wakija kuoa. Rodah alimwambia kwa sauti ya kawaida, akichambua mboga, kwamba fundi yuko Sotik, gari ni lake, na kiburi hakipandi mlima. Ijumaa asubuhi, Kipkirui alipokwenda kazini, Jonah akaiwasha pikapu.

Ndiyo maana akawa amesimama pale na spana mkononi.

Bosire alikuwa mtu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kisii, na alikuwa na kitabu cha Kijapani ambacho hakuweza kukisoma ila picha zake. Picha hizo alizisoma kwa bidii ambayo wengi hawaipi Zaburi. Alikifungua juu ya pipa la mafuta, akaweka kidole.

“Gari lako linavuta hewa huku,” alisema, “na linatoa moshi huku kwenye ekzosi. Katikati, wenyewe wameweka kanjia, na kwenye kanjia wameweka valvu, yaani kamlango. Ukienda polepole, kamlango kanafunguka, moshi kidogo unarudi ndani kupoza moto wa injini. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, kanajifunga, injini ipate hewa safi. Sasa kakikataa kujifunga, gari linakula moshi wake lenyewe. Wewe ungepanda mlima ukiwa umefunikwa blanketi puani?”

Jonah alisema hapana. Aliuliza kama si afadhali kuiziba kabisa hiyo njia ya moshi, maana alisikia mafundi wengine hukata bati la kopo wakaziba. Bosire akasema wapo wafanyao hivyo, lakini yeye hazibi kitu ambacho hajakiona ndani, na aliyekiweka hapo alikuwa na akili zake. Alimwonyesha nati za kufungua.

Zilikuwa ngumu. Jonah alizimwagia mafuta taa, akangoja, akavuta hadi jasho likamwingia machoni. Kifaa kilipotoka aliguna. Tundu lililotakiwa kupitisha kidole gumba lilikuwa limebaki la kupitisha penseli; kuta zake zilikuwa zimevimba kwa masizi mazito, yenye mafuta, yaliyoganda safu juu ya safu. Hata mlango wa kuvutia hewa ulikuwa hivyo hivyo. Bosire alimpa kijiti cha mti, si bisibisi, asije akaukwaruza ule mlango mdogo, na mswaki uliochakaa na kopo la petroli. Alimwonya asiupinde mti wa valvu, ule ufito unaouinua mlango. Alimwambia azizibe njia za injini kwa kitambaa ili masizi yasidondokee ndani. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda, akamtazama mteja wake akikwangua.

Jonah alikwangua, akaloweka, akasugua, akapuliza. Saa nzima ikapita, na nyingine ikaingia. Mikono yake ikawa myeusi hadi kwenye viwiko, na, niamini nikikwambia, moyo wake ulikuwa ukipanda. Masizi! Kumbe ni masizi tu! Masizi hayana mwenyewe, hayakutiwa na Bosire wala mtu yeyote, ni uchafu wa kazi unaosafishika kwa mswaki. Alianza kupanga kichwani atakavyomwambia Kipkirui kwa mzaha kwamba vyeti vyote vile vilishindwa na kijiti. Aliona hata namna watakavyocheka. Chuma kilipoanza kung'aa chini ya mswaki wake alikuwa akiimba pambio kwa pua.

Bosire akampa mpira mwembamba, akamwambia auchomeke kwenye kichwa cha valvu, anyonye kwa mdomo, kisha azibe kwa ulimi. Jonah alinyonya. Kamlango kakainuka. Alipoziba kwa ulimi kakabaki juu pasipo kutikisika, na alipoachia kakashuka na kujifunga kwa mlio mdogo.

“Kifaa ni kizima,” Bosire alisema, na sasa hakuwa akitabasamu. “Kimeziba kwa sababu kilikaa wazi saa zote, kikila moshi mchana na alfajiri. Kwa hiyo swali linabaki moja: ni nini kilikuwa kinakishikilia wazi? Kinavutwa na upepo wa pampu ya kunyonya hewa, si ile ya dizeli, na upepo unapita kwenye mpira. Ufuate mpira. Kwa vidole vyako.”

Jonah aliufuata. Kitabuni, mpira ulitoka kwenye valvu ukaenda kwenye kisanduku kidogo kinachoamua lini uvutwe na lini uachwe. Kwenye gari, ulikipita kisanduku hicho. Uliteremka nyuma ya betri, mahali pasipoonekana, na hapo kidole chake kikagusa kitu kigumu. Aliinama, akachungulia. Mpira ulikuwa umekatwa na kuungwa, kwa ganda tupu la kalamu ya wino, na mpira mwingine uliokwenda moja kwa moja kwenye pampu. Maungio yale yalikuwa yamefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ukanda ulizungushwa mara tatu na ncha yake ikaingizwa chini.

Aliligusa lile fundo kwa kidole kimoja, kidogo tu, akaliona linaanza kulegea.

Hakujua alikaa ameinama muda gani. Soko liliendelea kuuza. Aliliona jambo lote kwa mara moja, nalo lilikuwa jepesi mno: nani aliyesema asiguse mtu, kifaa kilichokuwa njiani miezi mitatu, pikapu ya Kipsang, ule mkono begani pale langoni. Alitafuta mlango wa kumtolea mdogo wake. Labda alikosea. Labda alipoona mpira umekatika aliunga kwa haraka akasahau. Lakini mtu aliyekosea haendi kuficha kosa lake nyuma ya betri, na fundi wa vyeti anajua mpira unakoelekea.

“Hilo si langu,” Bosire alisema taratibu kutoka kwenye kigoda. “Mimi hufunga kwa waya.”

“Najua,” Jonah akasema. Alinyoosha mgongo kwa shida, akamtazama fundi usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Bosire, nilikuchafulia jina.”

“Ulinichafulia. Wako wateja wa bondeni ambao hawajarudi hadi leo.”

“Nisamehe.”

“Nitakusamehe,” Bosire alisema baada ya kufikiri. “Lakini pale uliposemea mwanzo, ndipo urudi useme. Na huo mpira uurudishe mahali pake, tulifunge gari, maana una safari.”

Jonah hakulifungua fundo. Alilikata kando kwa kisu, likabaki zima na ganda la kalamu ndani yake, akalitia mfukoni. Alirudisha mpira kwenye kisanduku, wakakata gasketi mpya kwenye karatasi ngumu, wakafunga. Injini iliwaka bila kutetemeka. Aliiteremsha pikapu hadi mtoni, akaigeuza, akakanyaga mafuta. Mlima aliokuwa akiupanda kwa gia ya kwanza na sala aliupanda kwa ya tatu, na nyuma yake hapakuwa na moshi ila vumbi. Hapo ndipo alipolia. Alilia akiendesha, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, na si kwa ajili ya njia ya maziwa.

Alisimama kwa muuza mbolea kwanza. Akamwambia, wateja wakisikia, kwamba maneno aliyoyasema juu ya Bosire yalikuwa uongo, na kwamba gari liliharibiwa na mtu mwingine. Muuza mbolea akauliza ni nani. Jonah akasema hilo halimhusu.

Gereji mpya ya Kipkirui ilikuwa kwenye kiwanja cha Kipsang, kando ya barabara ya Longisa. Jonah aliwahi kuiombea gereji hiyo kanisani, akimshukuru Mungu aliyemgusa Kipsang moyo hadi akatoa kiwanja bure. Kipkirui alikuwa chini ya gari. Alijivuta nje kwa mgongo, akitabasamu, na alipoiona pikapu nyeupe inanguruma bila moshi tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho hayakuwamo tena. Jonah hakusalimu. Alikitoa kile kipande mfukoni, akakiweka kwenye kiganja chake.

Kwanza Kipkirui alisema hakijui. Jonah alimwonyesha fundo kwa kidole. Kipkirui alikigeuza, akalitazama fundo, akaketi kwenye tairi lililolazwa chini.

“Ningeurudisha,” alisema. “Baada ya harusi ningeurudisha mpira mahali pake, nikwambie kifaa kimefika kutoka Nairobi. Ungefurahi. Usingejua kamwe.”

“Kwa nini, Kipkirui?”

“Mzee Kipsang alisema hawezi kumpa binti yake mtu anayelishwa na ndugu yake. Alitaka nilete kitu kilicho mkononi mwangu mimi. Nilikuwa na nini? Chai ni yako. Ng'ombe ni wako. Hata cheti changu ni chako, unakitembeza kila mahali kuliko mimi. Kitu pekee kilichokuwa mkononi mwangu ni lile gari lako, kwa sababu uliniamini nalo.”

Alilisema hilo bila ukali, na ndilo lililomkata Jonah. Asante ya punda ni mateke, watu husema, lakini punda hakukalii miezi mitatu akikwambia pole.

“Akina mama walimwaga maziwa mtaroni,” Jonah alisema. “Wewe ukanishika bega.”

“Nilikuhurumia kweli.”

Jonah alimtazama, akaona kwamba hakudanganya. Alimhurumia kweli, na kesho yake alfajiri aliuacha mpira ulivyokuwa. Hakuwa na neno la kitu cha namna hiyo katika lugha zote tatu alizozijua.

Alikuwa amekwisha kuufungua mlango wa gari Kipkirui alipomwita. Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni, ya kuomba asiachwe nyuma.

“Kesho utakuja?”

Jonah akaufunga mlango, akaondoka. Nyumbani alimweleza Rodah yote wakiwa wamesimama kati ya mistari ya chai, watoto wasisikie. Rodah, ambaye alikuwa na haki ya kusema nilikwambia, hakusema. Alisema wazee wamekwisha kualikwa na Cheptoo hana kosa. Alisema pia kwamba siagi ataibeba yeye, na kama mumewe ataishika au hataishika, hilo ni kati yake na tumbo lake.

Jumamosi pikapu nyeupe iliwapandisha wazee saba kwa Kipsang, wakiwa wamevaa makoti na kofia, na hakuna aliyeshushwa kama gunia. Uani palijaa watu. Mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, ilipita kutoka mkono hadi mkono. Jonah alizungumza vizuri. Hata waliomjua walishangaa. Alizungumzia ukoo, akapatana ng'ombe bila ubahili wala majivuno, akawafanya wazee wa upande wa pili wacheke mara mbili. Kipkirui, aliyeketi kando ya Cheptoo katika suti ya kijivu, alianza kupumua. Mchungaji akaomba, kwa kirefu. Kisha Rodah akaja na siagi katika pembe iliyofungwa majani mabichi ya sinendet, mmea wa baraka, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akarudi mahali pake.

Mzee msimamizi, mtu mfupi wa upande wa Kipsang, alisimama kutimiza desturi. Alikuwa akitabasamu, maana miaka mingi hapakuwa na mtu aliyejibu vingine.

“Jonah, tumbo lako ni safi?”

“Si safi,” Jonah akasema.

Tabasamu la mzee lilififia polepole. Aliuliza kama Jonah amesikia swali. Jonah alisema amelisikia, na kwamba yuko mtu hapa aliyemtenda jambo, na desturi inajulikana. Alipokwisha kusema hivyo alitazama mbele yake, kwenye ukuta wa nyumba, asije akamwonyesha mtu kwa macho. Moyo wake ulikuwa ukimwomba Kipkirui. Simama. Si lazima useme mengi, sema moja tu. Ukisimama nitakupaka siagi hii yote na kesho nitakuwa nimesahau.

Kiti kililia kwenye saruji. Jonah aligeuka upesi.

Alikuwa ni Kipsang. Alisimama, mkono mmoja ukiwa umeshika mkongojo na mwingine ukiwa umemshika binti yake bega, mtu mnene, tajiri, jasho likimtoka.

“Ni mimi,” alisema. “Niliitaka njia ya maziwa. Nilijua inapatikana kwa ubaya, nikaipokea. Nitaenda kwa ushirika Jumatatu niirudishe. Jonah, usimpake mtoto wangu kinyongo. Yeye hakujua.”

Minong'ono ilipita uani. Mzee msimamizi aliinua mkono, akasubiri ikatike. Aliuliza kama kuna mwingine anayejijua. Aliuliza kwa upole, akiutembeza uso wake kwa watu wote. Kipkirui alikuwa akitazama kucha zake, ambazo alizisafisha vizuri sana kwa ajili ya siku ile. Cheptoo alimgeukia. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko msichana anavyopaswa kumtazama mchumba mbele ya wazee, naye hakuinua uso. Hakuna aliyesimama.

“Kipsang,” Jonah akasema, “umesema kiume. Kwako sina kitu tena.”

Mzee alivuta pumzi, akauliza mara ya pili kama tumbo ni safi, na Jonah akautazama tena ukuta. Akauliza ya tatu.

“Kwa binti huyu,” Jonah akasema, “ni safi.”

Mzee alimtazama kidogo, kisha akainamisha kichwa kumruhusu. Jonah aliichukua pembe. Alichota siagi kwa vidole viwili, akaiweka kwenye utosi wa Cheptoo, akaiteremsha hadi kipajini, akamwombea nyumba yenye maziwa na watoto na ukweli. Cheptoo alikuwa akilia bila kutoa sauti.

Kipkirui alivua kofia, akaishika magotini kwa mikono miwili, akainama kungoja zamu yake. Jonah alisimama mbele yake. Aliutazama utosi ule, ambao aliuosha mara nyingi kwenye beseni la bati, mtoto akilia kwamba sabuni inamwingia machoni. Vidole vyake vilikuwa bado na siagi. Alisimama hapo kitambo, hata Rodah akaziba mdomo kwa mkono.

Kisha akamkabidhi mzee ile pembe, akapita kati ya viti, akatoka uani. Walisikia mlango wa pikapu ukifungwa. Mchungaji akaanza kufungua Biblia bila kutafuta mahali.

Kipkirui hakuwa ameona. Alikuwa bado ameinama, macho ameyafumba, akingoja.